Mali ya wengi haikai katika mfuko mmoja

Maneno yaliyotolewa Butembo mbele ya viongozi wa vikundi, makanisa, misikiti na familia zilizohama makwao



Tumekutana hapa watu wa sehemu nyingi. Wako waliotoka Masisi na Rutshuru tangu vita vya M23 viliporudi mwishoni mwa 2021. Wako waliotoka Kanyabayonga mwezi wa sita 2024. Wako walioacha Goma mwezi wa kwanza 2025. Wako pia waliokimbia mauaji ya ADF upande wa Beni na Ituri. Wengine walifika na godoro na sufuria, wengine walifika mikono mitupu. Lakini leo karibu kila mmoja wetu yuko ndani ya kikundi fulani: likelemba, kikundi cha kuweka na kukopa, komite ya wakimbizi, chama cha akina mama wa kanisa, kikundi cha washonaji, au biashara ya watu wawili watatu.

Nimeombwa niseme juu ya namna ya kuongoza kazi hizo. Watu wengi wakisikia neno "usimamizi" wanawaza ofisi, kompyuta na tai shingoni. Wanasema: "Hayo ni ya matajiri, sisi tunatafuta chakula." Lakini tajiri akipoteza daftari lake, anabaki na nyumba yake. Mama aliyehama akipoteza mtaji wake mdogo, amepoteza chakula cha watoto, na mara nyingi amepoteza na rafiki aliyemkopesha. Mwenye kidogo ndiye anayehitaji usimamizi kuliko wote.

Neno langu leo ni moja, na mengine yote yatatoka ndani yake. Uaminifu wa moyoni ni jambo jema, lakini hautoshi. Mali ya wengi inataka uaminifu ambao mtu mwingine anaweza kuuona kwa macho, kuusoma na kuuhesabu.

Ugomvi unaanzia wapi

Tuangalie namna ugomvi unavyoingia katika kikundi cha watu waliohama. Mara nyingi hauanzi na kabila. Unaanza na swali dogo: "Yale magodoro yaliyobaki yalikwenda wapi?" Kiongozi hana karatasi ya kuonyesha. Anajibu: "Kwani hamniamini?" Siku ya pili watu wanaanza kuulizana: rais wa komite ni mtu wa wapi? Mwandishi ni wa wapi? Waliopata ni wa wapi? Siku ya tatu godoro limesahauliwa, na linalosemwa ni jina la kabila au la kijiji.

Huenda kiongozi yule hakuchukua kitu. Lakini kwa sababu hana daftari, hawezi kujitetea. Mwema asiye na daftari na mwizi asiye na daftari wanafanana mbele ya watu. Ndiyo maana nasema kwamba daftari, orodha na kufuli ni vyombo vya amani. Vinalinda mali, na vinalinda jina la kiongozi.

1. Tenganisha mfuko wa kazi na mfuko wa nyumba

Nianze na biashara ndogo, maana wengi wetu tunaishi kwayo. Tuchukue mfano wa mama anayeuza mandazi. Asubuhi ananunua unga kwa faranga 20.000, mafuta 9.000, sukari 4.000 na makala ya kupikia 3.000. Jumla ni 36.000. Jioni amepata 46.000. Faida yake ni 10.000.

Nyumbani kuna watoto watano, kuna mgonjwa, kuna kodi ya chumba. Mama anachukua 12.000. Yeye anaona kwamba amechukua kidogo tu, maana mkononi alikuwa na 46.000. Kwa kweli amekula faida yote, na amekula faranga 2.000 za mtaji. Akifanya hivyo kila siku, na kila siku akipunguza unga wake kidogo, mtaji wa 36.000 hautafika hata siku 18. Wala hautaisha kwa sababu ya mchawi au jicho la jirani. Utaisha kwa sababu mifuko miwili ilikuwa mfuko mmoja.

Dawa ni rahisi kusema, na ngumu kufanya. Uwe na vifuko viwili. Kimoja ni cha kazi, kimoja ni cha nyumba. Kila jioni rudisha kwanza mtaji wa kesho katika kifuko cha kazi. Kilichobaki ndicho faida. Katika faida, jiwekee kiasi kinachojulikana cha nyumba, na kiasi kidogo cha akiba. Mtoto akiugua na huna njia nyingine, chukua katika kifuko cha kazi, lakini andika: "Nyumba imekopa kwa kazi faranga kadhaa." Deni lililoandikwa linaweza kulipwa. Deni lisiloandikwa linakula mtaji kimyakimya.

Na deni la wateja je? Jirani anakuja: "Mama, nipatie, nitalipa Jumamosi." Kumkatalia kila mtu si ubinadamu, na kumkubalia kila mtu ni kufunga biashara. Weka mpaka wako mapema. Kwa mfano: "Kwa siku moja sikopeshi zaidi ya faranga 2.000, na asiyemaliza deni la zamani hapati jipya." Mpaka ukiwa wa watu wote, hakuna atakayesema umemnyima kwa sababu ya kabila lake.

Haya ni ya kanisa na msikiti vilevile. Pesa ya sadaka si pesa ya nyumba ya mchungaji. Simu yenye pesa ya chama isiwe simu ileile ambayo kiongozi anatumia kutuma ada ya mtoto wake. Kama kiongozi anastahili kulipwa posho, posho hiyo isemwe mbele ya watu, iandikwe, na itolewe siku inayojulikana. Kiongozi anayelipwa wazi ana heshima kuliko kiongozi "anayejitolea" huku akila gizani.

2. Andika

Wako wanaosema kwamba kuandika madeni kati ya ndugu ni kutokuaminiana. Ndugu zetu Waislamu wanajua jibu. Katika Qurani, Sura ya Bakara, aya ya 282, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote, waumini wanaagizwa waandike deni la muda, dogo au kubwa, wawe na mwandishi mwenye haki, na waite mashahidi. Maagizo hayo ni ya watu wanaoaminiana. Maandishi yanalinda undugu siku kumbukumbu za wawili zisipopatana.

Daftari la kikundi au la biashara ndogo halihitaji elimu kubwa. Piga mistari upate nafasi tano: tarehe, jambo, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Andika siku ileile. Usifute kwa kalamu nyeusi wala usichane karatasi. Ukikosea, piga mstari mmoja ili neno la zamani lisomeke, andika la kweli pembeni, na mtie sahihi watu wawili. Tunza risiti katika bahasha ya kila mwezi. Muuzaji asipotoa risiti, andika karatasi ndogo mwenyewe, naye atie sahihi au alama ya kidole.

Na asiyejua kusoma? Asitupwe nje. Mwisho wa kila mkutano mwandishi asome kwa sauti: tulikuwa na kiasi hiki, kimeingia hiki, kimetoka hiki, kimebaki hiki. Wote warudie hesabu iliyobaki, waikumbuke mpaka mkutano ujao. Mama asiyejua herufi hata moja anaweza kukumbuka kwamba tulimaliza na faranga 187.500. Hesabu iliyo katika vichwa vya watu 20 haigeuzwi na mtu mmoja usiku.

3. Gawa kazi na mamlaka

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, tunamwona Musa akiwa kiongozi wa watu waliohama makwao. Anakaa peke yake tangu asubuhi hadi jioni akisikiliza mashitaka, na watu wamesimama wakingoja. Mkwe wake Yethro anakuja kumtembelea, anaona, na anamwambia wazi kwamba kazi hiyo itamchosha yeye na itawachosha watu. Anamshauri achague watu wanaoweza kazi, wanaochukia rushwa, awe na wakuu wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Musa aliyatenda. Angalieni kwamba Yethro alikuwa mgeni, mtu wa Midiani. Kiongozi mwema anakubali shauri hata kutoka kwa mgeni.

Katika vikundi vyetu kuna viongozi wanaoshika kila kitu: ufunguo, daftari, simu, muhuri na neno la mwisho. Wanaona huo ni upendo wa kazi. Lakini siku kiongozi huyo akiugua, kikundi kimeugua. Siku akihama, kikundi kimehama naye.

Hapa tuna mfano mzuri tunaoujua wote: kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wengi hapa Kivu wanakiita AVEC. Namna hiyo ilianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini waliosaidiwa na shirika la CARE, na baadaye ikaenea katika nchi nyingi. Angalieni ilivyojengwa. Sanduku lina kufuli tatu. Anayelala na sanduku nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Funguo tatu ziko kwa wanachama watatu wasio wa komite. Mwandishi anaandika lakini hashiki pesa. Wahesabu wawili wanahesabu lakini hawaandiki. Pesa inaingia na kutoka mbele ya wote, siku ya mkutano tu.

Je, waliotengeneza utaratibu huo waliwaona wanawake wa Maradi kuwa wezi? Hapana. Walijua kwamba mtu mwema mwenye njaa anajaribiwa, na kwamba ndugu yake atakuja usiku kumwomba. Kufuli tatu zinamsaidia kusema: "Ndugu yangu, hata nikitaka siwezi."

Kanuni hii ifuateni katika kila kazi. Anayeomba pesa itumike ni mmoja. Anayekubali ni mwingine. Anayetoa ni wa tatu. Anayeandika asiwe anayetoa. Katika kanisa, sadaka ihesabiwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, siku ileile, na hesabu isomwe. Katika biashara ya watu wawili, mmoja anunue, mwingine aandike, na Jumamosi wahesabu pamoja.

4. Kanuni itangulie mali

Sasa niseme kwa komite zinazogawa misaada. Tuseme kambi ina familia 140, na yamefika magodoro 60. Hakuna kiongozi duniani atakayegawa 60 kwa 140 na kufurahisha wote. Lakini anaweza kugawa kwa haki, na haki hiyo inatengenezwa kabla lori halijafika.

Mkiwa bado hamna kitu, kaeni na watu mkubaliane: nani atangulie? Labda mama aliyejifungua karibuni, mzee asiye na mtu, mlemavu, mgonjwa, familia inayoongozwa na mtoto. Andikeni, mbandike mahali pa wazi, msome kwa sauti. Siku mali ikifika, idadi itangazwe hadharani: magodoro 60. Majina yasomwe. Mwisho isemwe: yametolewa 58, mawili yamerudi kwa sababu wenyewe hawakuonekana, yatangoja mpaka siku fulani. Kanuni iliyowekwa kabla ya mali haina kabila. Kanuni inayotungwa lori likiwa limesimama, kila mtu anatafuta jina la aliyeipanga.

Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaeleza jambo la namna hiyohiyo. Kanisa la kwanza kule Yerusalemu lilikuwa linagawa chakula kila siku. Wayahudi waliosema Kigiriki walinung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa, na wajane wa Waebrania wanapata. Mitume hawakuwaambia "mnaleta ukabila." Hawakusema "ombeni tu." Waliita mkutano wa wote, wakakiri kwamba kazi ya neno na kazi ya meza zinahitaji watu tofauti, wakaacha watu wenyewe wachague saba wenye sifa njema. Na majina ya wale saba yote ni ya Kigiriki. Yaonekana kazi ya kugawa iliwekwa mikononi mwa watu walio karibu na wale waliokuwa wakilalamika.

Tujiulize: katika komite zetu, yuko nani wa wale wanaolalamika? Yuko mama mjane? Yuko mlemavu? Yuko mwenyeji wa mtaa uliotupokea? Maana wenyeji nao wanaona lori likipita mbele ya nyumba zao, nao wana njaa. Kumweka mwenyeji katika komite, na kukumbuka familia maskini iliyokupa sehemu ya uwanja wake, ni ukuta mzuri kuliko ukuta wa matofali.

Weka pia njia ya malalamiko. Iwe siku moja katika juma, mahali panapojulikana, na watu wawili wa kusikiliza, mmoja awe mwanamke. Kila lalamiko liandikwe, na jibu litolewe kabla ya siku iliyotajwa, hata kama jibu ni "hapana."

5. Kuchagua wafanyakazi bila kuwaonea

Kikundi kikikua kitatafuta mlinzi, mpishi, mwalimu, mgawaji. Hapo kuna hatari ambayo sisi wa sehemu hizi tunaijua. Mwezi wa tisa 2021, tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti juu ya mambo yaliyotendeka wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ripoti ilitaja watu 83 waliotuhumiwa kuwanyanyasa wanawake na wasichana kingono, na 21 kati yao walikuwa wakifanya kazi kwa shirika hilo lenyewe. Wanawake walieleza kwamba waliahidiwa kazi kwa kudaiwa miili yao.

Kama jambo hilo lilitokea katika shirika kubwa lenye maofisi na sheria nyingi, linaweza kutokea katika chama chetu pia. Kwa hiyo tuweke mipaka. Nafasi ya kazi itangazwe wazi, na sifa zinazotakiwa zitajwe. Watu watatu wachague, na mmoja wao awe mwanamke. Hakuna mtu anayeitwa kuulizwa maswali peke yake nyumbani kwa kiongozi au usiku. Ndugu wa kiongozi akiomba kazi, kiongozi atoke katika chumba cha kuchagua. Na tuwaambie watu wetu maneno haya tena na tena: msaada ni bure, kazi haitolewi kwa mwili wala kwa rushwa, na anayekudai hivyo unaweza kumshitaki bila kunyimwa haki yako.

6. Sheria na karatasi

Chama kisicho cha faida katika nchi yetu kinaongozwa na Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001. Sheria hiyo inahusu vyama vya kijamii na vya maendeleo, na pia vyama vya kidini. Inasema jambo moja ambalo wengi hawalijui: chama cha namna hiyo hakitafuti kuwapatia wanachama wake faida ya mali, na kikifanya biashara, biashara hiyo ni ya pembeni tu. Maana yake ni nini? Kanisa linaweza kuwa na mashine ya kusaga unga ili lisaidie yatima. Lakini faida ya mashine ni ya yatima, haigawanywi kwa wazee wa kanisa. Kama mnataka kugawana faida, anzisheni biashara au ushirika, mseme wazi kwamba ni hivyo. Kuchanganya mambo haya mawili ndiko kunakoleta kesi.

Tangu tarehe 12 mwezi wa tisa 2012 Kongo inafuata pia sheria za biashara za OHADA. Sheria hizo zinamtambua mfanyabiashara mdogo kabisa, na zinamtaka awe na kitabu cha kila siku kinachoonyesha pesa iliyotoka wapi na iliyokwenda wapi, na akitunze miaka 5 au zaidi. Mnaona? Lile daftari la mama wa mandazi ndilo sheria inalolitaka. Na tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2024, OHADA ina utaratibu wa hesabu uliotengenezwa kwa ajili ya vyama na mashirika yasiyo ya faida. Viongozi wa makanisa na mashirika watafute mwenye elimu ya hesabu awaeleze, kabla mfadhili hajauliza.

7. Pangeni kana kwamba mtahama tena

Hili ni gumu kulisema, lakini sisi hatuna ruhusa ya kulisahau. Wengi wetu tumehama mara mbili, mara tatu. Goma ilipotekwa mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, mabenki yalifungwa, na mtu mwenye pesa benki alilala njaa kama asiye nayo. Kambi zilizouzunguka mji ziliondolewa mwezi uliofuata. Vikundi vilivyokuwa vimekaa miaka mitatu vilitawanyika kwa siku chache.

Kiongozi mwema anauliza mapema: tukisikia risasi usiku, mali ya watu itakuwaje? Mkubaliane leo. Kila mwanachama awe na kitabu chake kidogo chenye akiba yake na deni lake, akitunze pamoja na kadi ya uchaguzi. Ukurasa wa mwisho wa daftari upigwe picha kwa simu tatu za watu tofauti kila baada ya mkutano. Pesa nyingi isikae muda mrefu katika sanduku. Ikopeshwe, ifanye kazi, na mwisho wa mwaka igawanywe kila mtu apate sehemu yake. Hali ikianza kuharibika, komite iwe na ruhusa iliyoandikwa ya kuita mkutano wa haraka na kugawa mapema. Tena kubalianeni mahali pa kukutana na namba za kupigiana. Kikundi ambacho watu wake wanajua kila mmoja anadai nini, kinaweza kusimama tena mahali pengine hata sanduku likipotea.

Na kiongozi amwandae wa kumrithi. Mwandishi afundishe mwandishi wa pili. Muda wa uongozi uwe na mwisho unaojulikana. Kuondoka vizuri ni sehemu ya kuongoza vizuri.

Pesa ikikosekana

Nimalize na siku mbaya. Mmefungua sanduku, hesabu haifiki. Mfanye nini?

Kwanza, msipige mtu, msitaje mtu, msitaje kabila. Fungeni sanduku tena mbele ya wote. Pili, chagueni watu watatu kutoka pande tofauti, na mmoja awe mtu wa nje anayeheshimiwa, kwa mfano imamu kama wengi ni Wakristo, au mchungaji kama wengi ni Waislamu. Wapewe siku chache za kusoma daftari na kuuliza. Tatu, jibu lisomwe kwa wote: ni kosa la hesabu, ni deni lisiloandikwa, au ni wizi. Nne, kama mtu amechukua, apangiwe namna ya kulipa kidogokidogo, aondolewe katika nafasi aliyokuwa nayo, lakini watoto wake wasitukanwe na jamaa yake wasidaiwe dhambi yake. Kosa la mtu mmoja libaki la mtu mmoja. Likipelekwa kwa watu wake wote, pale ndipo faranga elfu kumi inapozaa vita. Na kama kosa ni kubwa, lipelekwe kwa wenye sheria, msilifiche kwa jina la dini.

Ndugu zangu, watu wetu walipoteza mashamba, ng'ombe, nyumba na makaburi ya wazee wao. Walichobaki nacho ni jina jema na wenzao wa kutembea nao. Kiongozi anayesimamia vizuri sanduku dogo analinda vyote viwili. Mkirudi mtaani, msingoje semina nyingine. Juma hili nunueni daftari moja, tengeni ufunguo kutoka kwa sanduku, na mkutano ujao someni hesabu kwa sauti.

Mungu awarudishe makwenu kwa amani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, nani anashika pesa, nani anaandika, na nani anakubali matumizi? Je, ni mtu mmoja?

2. Kama kila mwanachama akiulizwa leo ni kiasi gani kilicho katika sanduku, wangapi wangejibu sawasawa?

3. Nani analalamika katika mtaa au kambi yetu, na je, yuko mtu wa upande wake katika komite?

4. Tukilazimika kuhama usiku wa leo, kila mtu angejuaje haki yake?